Hapana ya Mama Pacha

Jumatatu, 2 Juni

Tangazo lingine ubaoni. La tatu tangu nianze kazi hapa, na maneno ni yale yale, wamebadilisha tarehe tu. Anahitajika mwendesha mashine, idara ya dobi. Mwanaume, mwenye afya njema. Maombi yafike kabla ya tarehe ishirini.

Mwanaume! Neno limekaa mwanzo wa sentensi kama mtu aliyewahi kiti.

Tulisimama pale na ndoo zetu mkononi. Spika akalisoma kwa sauti, ingawa sote tunajua kusoma. Ndiyo maana tunamwita Spika – akinong'ona yeye, wodi ya tatu wanasikia. Ndiye mdogo wetu. Ana cheti cha ufundi mitambo, amekiweka kwenye fremu kabisa, na kazi aliyopewa hospitalini hapa ni kuchambua mashuka machafu.

Dobi letu lina pande mbili. Upande wetu tunachambua, tunaanika, tunapiga pasi, tunakunja. Wanawake ishirini na wawili. Nyuma ya ukuta wa vigae ziko mashine sita na wanaume sita. Msimamizi wa zamu hutoka upande ule. Siku zote! Kwa hiyo asiyevuka ule ukuta atakunja mpaka astaafu.

Eti mashine ni nzito. Mwaka juzi wanaume wawili waliugua kwa mpigo, tukaitwa mimi na Mama Pacha, mwenzangu wa kukunja. Wiki tatu nzima. Hakuna wodi iliyokosa shuka. Mama Pacha yeye anasikia tu – ngoma ya mashine ikipakiwa vibaya anainua kidole: hiyo inalia upande mmoja. Kweli, ukifungua unakuta mablanketi yamejazana pembeni. Wale wawili walipopona tukaambiwa asanteni, rudini mkakunje.

Nimefika nyumbani hasira haijashuka. Nimekata vitunguu kama vile vimenikosea.

Jumanne, 3 Juni

Barua imeandikwa. Wazo la Spika, mwandiko wangu. Tumeiandika wakati wa chai juu ya meza ya kukunjia. Hatuombi upendeleo. Tunataka neno moja liondolewe, kila mwenye uwezo aombe, apimwe kwa kazi. Basi. Nilianza hivi: "Sisi wanawake wote wa idara ya dobi." Spika akalipenda lile "wote", akataka nilipigie mstari.

Wakasaini mmoja mmoja. Watatu walisita – mmoja ana mume mlinzi hapa hapa, anaogopa – lakini wakasaini. Kalamu ikafika kwa Mama Pacha. Akafuta mikono, akasoma mwanzo mpaka mwisho, akairudisha mezani.

"Mmeandika vizuri. Mimi sitasaini."

 Hata pasi ilisikika ikipumua.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Katika imani yao mtu haweki jina lake kwenye madai dhidi ya aliye juu yake. Akionewa atasema kwa mdomo wake mwenyewe, au atanyamaza na kumwambia Mungu. Na pia – hili alilisema akitutazama usoni – yeye haamini kwamba mwanamke awekwe kuwaongoza wanaume. Ndivyo alivyo. Yeye hatupingi, lakini jina lake ni yeye, na yeye humu hayumo.

Spika alilipuka. Kumbe wewe unapenda tukanyagwe? Mama Pacha akasema hapana. Hapana ipi sasa, akauliza Spika, ya kukanyagwa au ya kusaini? Zote mbili, mwanangu.

Nikaingilia kati. Nikasema kila mtu na imani yake, tutakuwa ishirini na mmoja, inatosha. Wakanisikiliza. Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na kifua mbele.

Alhamisi, 5 Juni

Wamemsusa. Hakuna aliyetangaza, lakini imekuwa. Jana kikombe chake kilihamishwa kutoka rafu yetu kikawekwa dirishani, karibu na sabuni. Leo asubuhi akasalimia, wakaitika wawili. Akajimiminia chai, akanywa amesimama.

Mimi bado nakunja naye. Miaka kumi na mmoja! Shuka la hospitali ni refu, mtu mmoja haliwezi vizuri. Unashika pembe zako, mwenzako zake, mnavuta, mnakutana katikati, vidole vinagusana, mnaachana tena. Ukikunja na mtu kiasi hicho unajua asubuhi ile ameamka vipi.

Nilimwuliza kama ameumia. Akasema kikombe ni kikombe, chai ni ile ile. Baada ya mashuka kama manne hivi akasema: kidogo.

Tumewahi kubishana sana sisi wawili, lakini kwa kucheka. Kwake neno la mwisho ni la mumewe, na analipenda hivyo, anasema anapumzika. Kwangu neno la mwisho halijawahi kupatikana, baba watoto na mimi tunabishana mpaka kuhusu mahali pa kuweka ndoo. Siku moja aliniambia: "Wewe unamwambia mumeo avae nini, mimi namwuliza wangu nivae nini. Mbona wote hatutembei uchi?" Nilicheka mpaka nikaangusha foronya.

Sijawahi kutaka awe kama mimi. Nadhani sijawahi.

Ijumaa, 6 Juni

Karani wa masjala kamvujishia Spika habari. Afisa utumishi ameshasikia kuhusu barua, na amesema watu wa dobi wakiandika "wote" na hawako wote, huo ni uongo, itarudishwa bila kusomwa. Anamjua Mama Pacha. Anajua hatasaini. Anamtegemea!

Yaani mtu ana imani yake, wao wanaifanya kabari ya mlango.

Ningeweza kuandika upya. Naandika hapa kwamba ningeweza. Lakini karatasi mpya ni saini mpya, na wale watatu waliosita hawatasaini mara ya pili. Mmoja anaanza likizo kesho. Spika alinitazama, hakusema kitu. Yeye! Hakusema kitu.

Saini yake naiona kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, juu ya yangu. Miaka kumi na mmoja.

Nilikwenda stoo ya mablanketi. Barua na kalamu ya kuazima mkononi.

Basi. Imefanyika. Ni kwa faida yake pia. Ana mabinti wawili.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwambia baba watoto. Sikukusudia. Alikuwa anasafisha brashi zake uani – ana nyumba ya kupaka rangi kesho – mimi naanua nguo, ikanitoka.

Hakunigombeza. Akaendelea kusugua brashi. Akauliza:

"Ulimwuliza?"

"Angekataa."

"Si ameshakataa?"

Nikaanua shati.

"Na wao, walipoandika lile tangazo," akasema, "waliwauliza ninyi?"

Niling'aka! Nikamwambia hayo si mambo ya kufananisha, wao wana ofisi na muhuri, mimi nina kalamu ya kuazima. Nikamwambia yeye ni mwanaume, rahisi kwake kukaa na brashi na kufanya hesabu za dhambi za watu. Nikaacha nguo kwenye kamba.

Baadaye akaja kuanua mwenyewe, akazikunja vibaya kama kawaida yake. Hatujasemeshana tangu hapo. Neno la mwisho amebaki nalo yeye leo, na halina raha.

Jumatatu, 9 Juni

Spika ameipeleka. Akarudi anang'aa. Afisa alizihesabu saini kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena, akasema atatuita. Upande wetu wa dobi leo ulikuwa kama siku ya sikukuu. Mtu aliimba! Kikombe cha Mama Pacha kimerudishwa rafuni. Wamesikia saini ni ishirini na mbili, wanadhani amebadili mawazo. Mmoja alimpiga begani: hatimaye, mama! Yeye akatabasamu bila kuelewa.

Spika tu ndiye hakumtazama. Anajua, au amehisi.

Mchana Mama Pacha akanipa kichupa cha mafuta ya mgando. Blichi imenipasua vidole, naye aliona Ijumaa nikikunja kwa kujikaza. Amenichanganyia mwenyewe nyumbani. Paka usiku na asubuhi, akasema, na usiende kuosha vyombo palepale kama ninavyokujua.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema asante.

Jumatano, 11 Juni

Wamemwita.

Saa nne. Msimamizi alikuja mwenyewe mpaka mezani. Tulikuwa katikati ya shuka, ameshika pembe zake. Akaniachia zote.

Dakika ishirini. Nilikunja taulo zilizokwishakunjwa.

Aliporudi hakushika kitu. Alisimama upande wake wa meza.

"Nimeonyeshwa jina langu," akasema.

Nikaanza: "Mama Pacha –" Akainua kiganja.

"Mkia wa herufi ya mwisho. Mimi siuweki. Wewe unauweka kwenye kila kitu, hata kwenye orodha ya sabuni."

Afisa alimwuliza: hii ni saini yako?  Aliomba siku mbili. Akasema kwangu, polepole, kama anayemweleza mgonjwa: akikana, barua imekufa na mimi kazi sina. Akikubali, amesema uongo, na yeye hajasema uongo tangu maisha yake yalipobadilika miaka kumi na tisa iliyopita. "Umeniweka hapo," akasema. "Katikati hapo. Wewe."

Nililia. Niliona aibu kulia, maana aliyestahili kulia hakulia.

Halafu akachukua shuka akaenda meza ya ukutani. Akalikunja peke yake. Pembe moja ameishika kwa kidevu. Likamponyoka, akalianza upya. Hakuna aliyethubutu kwenda kumsaidia, na mimi ndio kabisa.

Ningeandika zaidi lakini basi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwake baada ya zamu. Sijawahi kufika bila kualikwa. Baba Pacha alinifungulia, mtu mrefu, mpole, fundi wa viatu. Alikuwa bado na gundi kwenye vidole. Nikamwamkia. Shemeji, nimekuja kwa mkeo. Najua, akasema, na najua kwa nini.

Nilidhani atanifukuza. Hilo ningelielewa. Akanivutia kigoda. Akasema: "Katika nyumba hii mimi ndiye wa mwisho kusema. Basi nimeshasema. Nimesema hili aliamue yeye." Kisha akaenda zake mbele kwenye viatu vyake, akafunga mlango.

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Mama Pacha alikuwa anachambua mchele, hakuacha. Nikaanza: nilifikiria mabinti zako, nilifikiria –

"Hukuniibia saini," akasema. "Saini ni wino tu. Umeniibia hapana yangu."

Mchele ukaendelea kupita vidoleni.

Akasema watu wanadhani yeye ni mtu wa ndiyo. Ndiyo baba, ndiyo bosi, ndiyo mchungaji. Wanamwona amejifunika kichwa, ameinama, wanadhani hana kitu ndani. Lakini imani yake aliichagua akiwa mtu mzima, nyumba nzima kwao ikimpinga, dada zake wakimcheka. Anaamka nayo, anaichagua tena. "Kile nilichokataa ndicho kinachonionyesha nilichokubali. Wewe ukaja na kalamu ukanifanya kama wengine tu."

Nikamwuliza, na tangazo je? Sijui nilipata wapi uso wa kuuliza.

"Tangazo ni baya."

Nikadhani sijasikia.

"Ni baya. Mimi hata wakiniita leo kusimamia wanaume sitakwenda. Hilo ni langu, la kwangu na Mungu wangu. Hospitali ina dini gani? Walinichagulia bila kunijua. Wamemchagulia na yule binti mwenye cheti, ambaye wala hasali ninaposali. Mimi kukataa kiti ni kitu kimoja. Kuondolewa kiti chumbani ni kitu kingine."

"Kwa hiyo ungesema –"

"Nisingesaini!" Ndiyo mara ya kwanza namsikia akipaza sauti. Mchele ulimwagika kidogo. "Mbona husikii? Nisingesaini. Ungeniuliza ningekwambia nitakachofanya na nisichofanya. Hukuniuliza."

Tukaokota mchele. Mimi upande wangu, yeye wake.

Nikamwambia kesho nakwenda kwa afisa kusema ni mimi. Akasema nisiende kwa ajili ya kumfurahisha yeye, hajafurahi na hatafurahi kesho. Nikasema najua. Akanisindikiza hadi mlangoni. Hakunishika mkono.

Njiani nimepita kwa Spika nikamwambia. Alikuwa anafua. Alinisikiliza, halafu akatupa nguo ndani ya beseni mpaka povu likaruka. Kwa sababu ya mtu mmoja anayetaka mikono yake iwe safi, sisi ishirini na mmoja tuzame? Nikamwambia si yeye aliyechafua, ni mimi. Akasema: dada, mimi nimesoma mitambo miaka miwili, nimejifunza kupanga ngoma, mabomba, mvuke, na kila asubuhi natia mikono kwenye damu ya watu wakati mwanaume aliyeishia darasa la saba anabonyeza kitufe. Nani ataniomba radhi mimi?

  Ana haki na mimi sikuwa na haki, yote mawili kwa wakati mmoja.

Ijumaa, 13 Juni

Imekwisha. Au imeanza, sijui.

Ofisi ya afisa ina viti viwili vya wageni na feni inayogeuka upande wake tu. Nilisema yote nimesimama. Saini ya ishirini na mbili ni yangu. Mwenyewe alikataa, mbele ya watu wote, nikaiandika Ijumaa stoo. Hakuna aliyenituma.

Hakukasirika! Laiti angekasirika. Aliegemea kiti, akatabasamu kama mtu aliyeletewa chakula mezani. Kwa hiyo barua ni ya kughushi, akasema. Nikasema jina moja ndilo la kughushi, madai ni ya kweli. Akasema barua haikatwi vipande kama mkate. Nitakutana na kamati ya nidhamu Alhamisi tarehe kumi na tisa. Mpaka hapo nahamishwa upande wa kuchambua. Na kuhusu tangazo – akalinyoosha mbele yake kwa vidole viwili – idara haina dai lolote mezani. Tena, akasema, nyie wenyewe mnaona, hata wanawake wenzenu hawazitaki hizo mashine.

Hapo mlango ukagongwa. Mama Pacha.

Hakuwa ameitwa, siku zake mbili zilikuwa zinaisha jioni. Aliingia na aproni yake yenye maji. Hakunitazama. Akasema kwa afisa, neno kwa neno, nimelikariri njia nzima ili niliandike:

"Jina langu litolewe. Sikusaini na sitasaini. Lakini usiseme kwa niaba yangu kwamba sitaki wenzangu wapate. Hilo sijalisema. Na ukiniuliza ni nani waliendesha mashine zile wiki tatu za mwaka juzi, na kazi ilikwenda vipi, nitakujibu. Kwetu mtu akiulizwa ukweli hajifichi. Niulize."

Afisa akatazama karatasi zake. Feni ikageuka. Akachukua kalamu, akaifunika, akaifunua.

Mama Pacha akangoja. Anajua kungoja yule mwanamke! Alisimama kama anayesubiri ngoma imalize kuzunguka.

Hakuuliza.

Akasema asante, mnaweza kwenda. Mama Pacha akasema: nitakuwa mezani kwangu, hata wiki ijayo. Akatoka. Korido nzima alikuwa hatua kumi mbele yangu na hakupunguza mwendo.

Jumapili, 15 Juni

Baba watoto ameulizia mambo yangu ya Alhamisi. Nikamwambia huenda nikafukuzwa. Akasema tutaona. Halafu akasema hakupaswa kusema vile alivyosema, kuhusu tangazo. Nikamwambia alisema sawasawa, ndiyo maana nilikasirika. Tumebishana kidogo nani mwenye makosa zaidi. Nimeshinda.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza upande wa kuchambua. Mashuka ya wodi ya upasuaji yakaja ya kwanza, kama makaribisho. Harufu inakaa kooni. Glovu ni kubwa kuliko mikono. Spika amefanya hii kazi miaka mitatu na nilikuwa namsikia akilalamika, nikidhani ni sauti yake tu ilivyo.

Hakunisemesha mpaka saa tano. Halafu akanionyesha namna ya kukunja glovu kwenye kifundo ili zisichomoke. Bila neno, akafanya kwa yake, nikaiga.

Wale watatu wamejitoa. Mmoja aliniambia nimewaponza. Mama Pacha amepewa mwenza mwingine wa kukunja, msichana mgeni. Namwona kwa ule mwanya wa kupitishia toroli, kati ya chumba chetu na cha kukunjia. Anamfundisha. Hatazami huku.

Kikombe changu ndicho kilichokuwa dirishani leo. Haya.

Jumanne, 17 Juni

Naandika hapa hapa kazini, nyuma ya orodha ya mashuka, nitabandika daftarini baadaye. Mkono mmoja una glovu. Lazima niandike sasa.

Spika ameandika barua mpya. Kwa mwandiko wake, mbovu, mistari inapanda. "Sisi wanawake kumi na saba." Aliniambia mapema, jina langu halitakuwamo, litaichafua. Nikasema sawa. Liliniuma, lakini sawa. Siku zimebaki tatu tangazo lifungwe.

Wakati wa chai wote walisaini. Nilidhani ataipeleka moja kwa moja ofisini. Akazipita meza zote nayo mkononi, akaenda mpaka kwa Mama Pacha. Chumba kizima kikaacha kutafuna. Mimi nikasogea kwenye mwanya wa toroli.

Spika – na naapa sauti yake ilikuwa ya chini, ilibidi nikaze masikio – akasema: "Mama, sikuletei usaini. Naomba usome. Kama kuna uongo, niambie kabla wao hawajauona."

 Nikafikiri Mama Pacha atasema hapana, na ingekuwa haki yake. Akafuta mikono. Akatoa miwani kwenye mfuko wa aproni, ile yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Akakaa. Hakai kamwe wakati wa chai.

Anasoma. Midomo inatembea.

Ameweka kidole. Anasema hapa si kweli. Spika anauliza wapi. Hapa, mmeandika wanaume wa mashine wanatudharau. Hawajawahi kunidharau, anasema, yule wa mashine ya nne ndiye aliyenifundisha kuzima mvuke. Aliyeandika tangazo si wao. Andikeni aliyeandika.

Mtu nyuma ananung'unika kwamba wapo wanaodharau. Mama Pacha anasema basi aliyedharauliwa aandike lake, kwa siku na saa yake. Mnung'unikaji anafikiri. Anasema, mimi naweza kuandika.

Spika amefuta mstari. Kalamu imechana karatasi kidogo. Anauliza, na mengine? Yote yako sawa?

Kengele ya kumaliza chai imelia. Msimamizi amesimama mlangoni, anatazama saa yake, anaita majina. Hakuna aliyeondoka. Mama Pacha ameinua kidole kimoja kumwomba asubiri – yeye! kumwomba msimamizi asubiri! – na hajainua macho.

Amegeuza ukurasa.